Mama Masikio na Kesho Nne

Ofisini walimwita Mama Masikio. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka na gari lenye antena, vipokea sauti masikioni, akiwasaka wanaorusha mawimbi kwenye masafa yasiyo yao. Mwaka ule wakampandisha cheo, wakampa meza na kazi moja: kuandika mpango wa masafa ya redio ya nchi nzima kwa miaka kumi na mitano ijayo.

"Andika tu kwamba simu zitaongezeka," Mkurugenzi alimwambia. "Masafa yaliyo wazi tuwape kampuni za simu, tumalize."

Akaandika, akafuta. Nyumbani hakutulia pia. Alizunguka sebule na kikombe cha chai kilichopoa mpaka mumewe, seremala, akaweka gazeti chini.

"Mke wangu, utatoboa zulia."

"Wanataka niwaambie kesho itakuwaje."

"Mimi hata mbao ya leo sijui itapinda upande gani. Huwa naacha nafasi kwenye fremu, basi."

Mama Masikio alicheka kidogo, lakini usingizi ulikuja kwa kusuasua.

Jumatatu dada yake mkubwa akampigia. Yeye alikuwa mkunga kwenye zahanati ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa imekata umeme, minara ya simu ikazimika siku mbili, na mzazi mmoja akaanza kutokwa damu.

"Tuliita gari la wagonjwa kwa ile redio kuukuu ya mawasiliano ya zahanati," dada alisema. "Mama na mtoto wazima, mdogo wangu."

Mama Masikio akaomba namba ya masafa ya redio hiyo. Akafungua orodha yake ya masafa ya nchi. Ilikuwa ukurasa wa pili, na mbele yake neno "wazi". Mwandiko wa neno lile ulikuwa wake mwenyewe. Enzi za gari la antena alikaa ng'ambo ya mto siku tatu akisikiliza, hakusikia kitu, akaandika. Hakujua kwamba redio ile husema siku ya shida tu, na kibali chake kilikuwa kwenye faili ambalo hakulifungua.

Angeweza kusahihisha mstari ule na kunyamaza. Badala yake aliingia kwa Mkurugenzi akasema alichokosea, kisha akaomba ukumbi kwa siku mbili.

Aliwaalika wahandisi wa simu, waongoza ndege, watangazaji na wasimamizi wa magari ya wagonjwa. Kila meza akaipa kesho yake ya kuwazia. Meza ya kwanza, simu zimeenea kila kona. Ya pili, uchumi umedorora na hakuna anayejenga minara. Ya tatu, mafuriko kila mwaka. Ya nne, nchi jirani imebadili masafa yake na mawimbi yanagongana mpakani.

"Msiniambie ipi itatokea," alisema. "Niambieni, kesho hiyo ikija, tutajutia nini tulichoamua leo?"

Mhandisi wa kampuni kubwa ya simu aliangukia meza ya mafuriko. Asubuhi alinuna. Alasiri alisimama, akajikuna shingo, akasema minara yake ikilala hata mafundi wake watahitaji masafa ya dharura. "Nayo ndiyo tuliyokuwa tunaomba tupewe sisi," akaongeza, na ukumbi ukacheka.

Bodi haikukubali yote. Masafa aliyotaka yaachwe kwa vipindi vya shule redioni yaligawiwa kampuni za simu hata hivyo, na jambo hilo lilimkereketa kwa wiki nyingi. Lakini ya dharura yalibaki, leseni mpya zikawa za miaka mitano badala ya kumi na mitano, na mpango ukawekewa sharti la kupitiwa upya kila baada ya miaka miwili.

Siku ya kutia saini, Mkurugenzi aliinua kalamu, akaishikilia hewani.

"Kati ya kesho hizi nne, wewe unaamini ipi?"

"Sijui, Mkurugenzi. Ndiyo maana tumeacha nafasi."

Mkurugenzi akashusha kalamu, akasaini.