Kumwombea Tumsifu Kazi

Tumsifu aliletwa kwangu akiwa na miaka minne, na aliyemleta ni mdogo wangu, mama yake mzazi, wiki moja kabla hajafariki. Alimkalisha jikoni kwangu pale Same, akampa kiazi kitamu cha kuchemsha, akaniambia, "Dada, huyu hasumbui." Na kweli hakusumbua. Ukimpa chakula anakula, ukisahau anakaa kimya mpaka ukumbuke. Nilimlea pamoja na wanangu watatu. Akaniita Mama Mkubwa kama ilivyo desturi, na mpaka leo, kichwa chake kimejaa mvi, ananiita hivyo hivyo.

Hapa Toronto alifika mwaka elfu mbili na tano, akapata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka na taulo za hoteli, upande wa uwanja wa ndege. Alikaa hapo miaka kumi na minane. Akamleta mkewe Dorotea, wakazaa mabinti wawili, na mume wangu alipofariki akanileta na mimi. Tunakaa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na moja, lifti ikiwa na afya.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine kubwa ya pasi. Shuka linaingia upande huu limekunjamana na bichi, linatokea upande wa pili limenyooka, limekauka, limekunjwa. Ile mashine aliijua kwa sikio. Clinton, Mjamaika aliyekuwa akifanya naye kazi, aliwahi kuja kula pilau kwetu Krismasi, akatusimulia kwamba Tumsifu alikuwa chooni siku moja, akatoka mbio mikono ina sabuni, akaizima mashine. Watu wakamshangaa. Ilipofunguliwa wakakuta mkanda umebakiza uzi. Clinton alicheka mpaka akajifuta machozi. Tumsifu alikuwa ameinamia sahani yake. "Hata wao walisikia," akasema. Hawakusikia.

Machi mwaka juzi wenye kiwanda walikiuza. Wafanyakazi wote sitini waliitwa kwenye chumba cha kulia, kila mtu akapewa bahasha na boksi la kutilia vitu vyake. Saa nne asubuhi nilikuwa naloweka maharage, nikasikia ufunguo mlangoni. Saa nne! Aliingia, akaliweka boksi chini taratibu kama lina mayai.

"Mama Mkubwa, nimepunguzwa."

Nikamwambia atapata nyingine kabla ya mwezi kuisha. Nilisema kwa kujiamini sana. Nani angemwacha mtu kama yule?

Wengi walimwacha. Alikwenda kwa mawakala wa vibarua kule Brampton, akitoka nyumbani kabla ya kucha, akiambiwa aandike jina na asubiri simu. Alijaza fomu za kompyuta ambazo zinakuuliza jambo moja mara tatu. Binti yake mkubwa, Upendo, alimsaidia kuandika barua, akimfokea kwa Kiingereza kwamba baba yake hajui kujiuza, naye akijibu kwa Kiswahili, "Mimi si mbuzi, mama." Walicheka, lakini barua ilibaki fupi.

Alipoitwa kwenye intavyuu ndiyo ilikuwa balaa. Alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, hakuna mtu Toronto nzima aliyenyooka kama yeye, kisha wakamwuliza, "Tueleze, wewe ni hodari kwa lipi?" Akasema hilo waulizwe aliofanya nao kazi. Kijana mmoja, mdogo kuliko viatu vyake, akamwuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo. Akajibu, "Mungu akinijalia, hai."

Dorotea akamwambia, "Baba Upendo, jisifu kidogo! Kidogo tu!"

"Nitajisifuje mbele ya watu, mke wangu?"

Nilimsikia nikiwa chumbani, na nilijua ametoa wapi. Mimi ndiye niliyemlea hivyo. Kwetu mtu hajitangazi. Ukitaka kazi, ukitaka mchumba, ukitaka shamba, mkubwa wako anakwenda kukusemea, na wewe unakaa nyumbani ukisubiri jibu.

Mwaka ukageuka. Septemba ya mwaka jana akapiga simu Methodius, rafiki yake wa tangu sekondari, yuko Alberta, mbali saa nne kwa ndege, kwenye kiwanda cha kuchinja na kukata nyama. Akasema kuna nafasi, mkataba ni miaka miwili, atamshikia hadi mwisho wa Oktoba, zaidi ya hapo hawezi. Dorotea ana kazi yake ya kulea watoto na mabinti wako shule, kwa hiyo angekwenda peke yake. Tumsifu akasema, "Kazi ikipatikana hapa kabla ya Oktoba kuisha, sitakwenda. Isipopatikana, nakwenda." Hakuna aliyebisha. Mimi nina miaka sabini na tisa. Miaka miwili kwangu ni mirefu kuliko inavyoonekana kwenye mkataba. Niliomba kila usiku kazi ipatikane hapa hapa.

Wiki ya pili ya Oktoba akaitwa kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, walikuwa wanatafuta mtu wa chumba cha kufulia. Alirudi na uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku ya lile boksi.

"Mama Mkubwa, leo hawakuniuliza maneno," akasema hata kabla hajavua koti. "Meneja ni mama wa Kihindi. Alinipeleka kwenye mashine, akaiwasha, akasema, niambie unachosikia. Nikamwambia, hii beringi ya kushoto inakufa. Akamwita fundi, wakafungua, ikawa ndiyo hivyo."

"Ee!"

"Halafu tukitoka akanisemesha Kiswahili. Anaitwa Shahida. Amezaliwa Same."

"Binti wa nani?"

"Mama Mkubwa, sikwenda kuuliza ukoo."

Yeye hakuuliza, lakini mimi Same yote ninayo kichwani. Kesho yake nikashuka hadi kwenye maduka ya hapa Thorncliffe, ambako mzee Alimohamed hukaa kila asubuhi na kikombe chake cha chai. Ni Ismailia wa Tanga, ana miaka themanini na mbili, na bado anaendesha gari vibaya. Nikamwuliza kama anamfahamu Shahida wa Same.

"Shahida wa Yusufali? Namwona jamatkhana, pale tunaposali, kila Ijumaa. Unamtakia nini?"

Nikamweleza.

"Basi ngojeni majibu," akasema.

"Kaka, nikae mikono mapajani, na baba yake nilimjua?"

"Nyie Wapare! Hata kesi haijasikilizwa, mshakata rufaa." Akacheka, lakini alinielewa. Angefanya vile vile kwa mjukuu wake. Akasema, "Jumamosi nitakupeleka. Usimwambie mtoto, atakuzuia."

Sikumwambia. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikafunga vitenge viwili vipya kwenye mfuko, maana huendi nyumba ya mtu kuomba ukiwa mikono mitupu.

Shahida alifungua mlango mwenyewe. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani kifuani. Alipomwona Alimohamed alifurahi, na mimi akanishika mikono yote miwili. "Shikamoo bibi. Karibuni, karibuni ndani." Kiswahili chake kilikuwa cha Same kabisa, kimehifadhiwa kama nguo ya harusi.

Nikamkumbusha duka la baba yake karibu na stesheni, dirisha lake la kijani, cherehani ya mama yake barazani. Nikamwambia, "Mdogo wangu alipofariki nilikwenda kwa baba yako kutafuta kitambaa cha kumzikia. Alikata mwenyewe, kile cheupe kizuri, hakutaka kusikia habari ya bei. Kisha akafunga duka mchana kweupe, akapanda na sisi mlimani hadi kaburini. Mvua ilikuwa inanyesha. Viatu vyake viliharibika."

Shahida alikuwa analia. "Hakutuambia," akasema. "Baba hakusema kitu kama hicho hata siku moja."

"Mtoto wa yule marehemu alikuwa na miaka minne. Ndiye Tumsifu. Nimekuja kumwombea."

Alimohamed akaweka kikombe chini. Shahida akajifuta macho, na alipoondoa mkono, uso wake ulikuwa mwingine.

"Bibi, yeye ndiye amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa. Yeye hawezi kujisemea, kwa hiyo nimekuja mimi. Mwanangu haibi. Hachelewi. Miaka kumi na minane hakukosa siku, ila siku ya kuzaliwa binti yake wa pili, na hata hiyo alikwenda jioni. Nimelea wanne, na yeye ndiye mtu mwema kuliko wote, na walio wangu wa kuwazaa wakisikia na wasikie. Ana masikio ambayo Mungu hampi kila mtu. Mpe kazi, hutajuta."

"Bibi," akasema polepole, "kwa nini umekuja?"

Nilidhani hajanielewa. Nikaanza upya. Akanizuia kwa kunishika goti.

"Jana tulishakaa, mimi na mwenzangu. Jina lake lilikuwa la kwanza. Jumatatu nilikuwa nampigia simu."

Nikasema Mungu ni mwema. Alimohamed akatazama mlango. Alikuwa ameshaelewa.

"Kule kazini tunasaini karatasi, bibi," akasema Shahida. "Kwamba kwa huyu tunayemchagua, hakuna ndugu yake aliyetufuata, hakuna zawadi, hakuna habari za familia yake na yangu. Aliyekaa kiti changu kabla yangu alimwingiza shemeji yake. Walimfukuza yeye na shemeji. Sasa nitasaini vipi?"

"Usiseme. Sisi tutanyamaza."

"Baba yangu amekwenda kumzika mama yake, na mimi nisaini kwamba hatujuani?" Akatazama mfuko wa vitenge miguuni kwangu. "Nitawaeleza ukweli. Nitawaambia hakukutuma. Mimi nitajitoa, waamue wengine. Labda."

Vitenge nilirudi navyo. Alimohamed alinishusha mlangoni, akasema, "Dada, nisamehe, mimi ndiye niliyekupeleka." Nikamjibu kwamba miguu ni yangu.

Jumatatu Tumsifu alikaa na simu mkononi kutwa. Jumanne akaiweka mezani. Alhamisi ikaja barua ya kompyuta, binti yake akaisoma: wameamua kutangaza nafasi upya kwa sababu za utaratibu, walioomba mara ya kwanza wanashukuriwa. Akaisoma tena yeye mwenyewe. Akasema, "Labda beringi nilikosea." Ilikuwa imefunguliwa mbele ya macho yake, ikaonekana, na bado alitafuta kosa kwake.

Mimi nilikuwa nachambua mchele, na sikusema kitu. Siku tisa sikusema.

Tarehe ishirini na tisa Oktoba, siku moja kabla ya ndege, alikuwa chumbani anapanga sanduku. Nikaingia, nikaketi kitandani, nikamwambia yote, kuanzia kikombe cha Alimohamed hadi karatasi ya kusaini. Sikumwomba msamaha mpaka nilipomaliza, maana nilitaka alisikie kosa lenyewe kwanza, lote.

Alikuwa amenipa mgongo. Mikono yake iliendelea kukunja shati, kola, mkono, mkono. Kisha akauliza, "Ulimwambia nini juu yangu?"

"Nilikuombea tu."

"Maneno gani, Mama Mkubwa?"

Nikayarudia. Kwamba haibi, hachelewi. Kwamba nimelea wanne na yeye ndiye mwema kuliko wote. Yale ya masikio. Nilipofika hapo mikono yake ikasimama.

"Hujawahi kuniambia hata moja."

"Kwetu hatumsifu mtoto mbele yake. Unajua."

"Nina miaka hamsini na nne," akasema.

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kujibu. Akafunga sanduku, akatoka kumsaidia Dorotea kutenga chakula, na mezani alinimiminia chai kama kawaida, lakini hakunitazama. Asubuhi alinishika mkono kwa kunisalimia, akaondoka. Tangu ana miaka minne alikuwa akiondoka naomba naye kwanza. Safari hii sikuthubutu kumwambia tuombe, na yeye hakusubiri.

Sasa ni mwezi wa tano yuko huko. Wamempa kisu na kipande kimoja cha ng'ombe, hicho hicho, mamia kwa siku, kwenye chumba cha baridi. Dorotea anasema asubuhi vidole vyake havifunguki mpaka avitie maji ya moto. Hayo Dorotea ndiye aniambiaye. Mimi, Tumsifu huniambia tu kwamba theluji ni nyingi na Methodius anapika ugali mbaya.

Shahida nilikutana naye madukani Februari. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Alisema waliajiri mtu mwingine. Nikamwuliza kama hawajambo nyumbani, akasema hawajambo. Tulisimama pale kama watu wawili wa msiba mmoja, kila mtu na mfuko wake wa mboga.

Tumsifu hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Jumapili iliyopita nilimwomba Dorotea anipe simu nikaenda nayo chumbani, nikafunga mlango. Nikamwambia, "Tumsifu, wewe ni fundi. Nilipaswa kukuambia zamani. Wewe ni fundi wa kweli, na mimi najivunia wewe."

Nyuma yake nilisikia televisheni ya Methodius.

"Ahsante, Mama Mkubwa," akasema. "Huku lakini hakuna mashine. Huku nakata tu."

Kisha akaniuliza kama nimemeza dawa ya presha. Nikasema nimemeza.