Wingu la Zdravka

Mwaka ule, theluji ilipokwisha, mwenyekiti wetu mpya Asparuh aliamua timu ya Kalinovets ivae jezi nyeupe. Alisema nyeupe inapendeza kwenye picha. Hakumwuliza Zdravka, na Zdravka ndiye aliyezifua.

Zdravka Velkova alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Alifulia uani kwake, nyuma tu ya goli la upande wa mto, na kuanika kwenye kamba ambayo wachezaji walipenda kuilenga kwa mpira. Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, aliyekuwa mtunza vifaa wa timu. Mapenzi ya mawingu hakuyarithi kwa mtu. Aliyapata mwenyewe kwa kusimama uani kila asubuhi akitazama juu, akijiuliza aanike au asianike.

Ndivyo alivyoingia kwenye kundi letu. Tulikuwa wanne: Zdravka, Petko, aliyefanya kazi kwenye kituo cha kufyatua roketi za kuvunja mvua ya mawe, Metodi, mwenye mkahawa wa kando ya uwanja, na mimi Nevena, muuza dawa. Jioni tulikaa kwa Metodi kubishana kuhusu mvua na mpira, na tukishaagana tuliendelea kubishana kwenye simu. Tulikuwa pia na ukurasa wa hali ya hewa mtandaoni ambao, sijui kwa nini, ulikuwa na wasomaji mpaka mjini Vratsa.

Mechi na mahasimu wetu wa Dolna Lipa ilipangwa Jumamosi, mkesha wa siku ya Mtakatifu Georgi. Alhamisi ilinyesha mvua mpaka vyura wakahamia kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Ijumaa jua likatoka, nasi tukatoka nalo.

"Kesho kweupe," alisema Petko, akinyoosha miguu chini ya meza. "Juu jua, chini tope. Dolna Lipa watateleza mpaka kwao."

"Wewe ndiye uliyesema baridi imekwisha," Zdravka akamjibu. "Kesho yake shuka langu likaganda kwenye kamba, likawa mlango. Nililibeba ndani kwa kulisimamisha."

"Ile ilikuwa baridi ya mwisho."

"Basi na ule uwe utabiri wako wa mwisho. Mimi nasema dhoruba. Goti langu linasema."

"Goti gani?" aliuliza Metodi, akiweka kahawa mezani.

"La kushoto."

"La kushoto ni la upepo, mama. La mvua ni la kulia. Ulituambia mwenyewe."

Tulicheka. Zdravka akakoroga kahawa yake ambayo hakuitia sukari. Tungekuwa na akili tungelishangaa hilo, lakini tulikuwa tukizungumza habari za beki wa kushoto.

Asubuhi ya Jumamosi picha ikaingia kwenye simu zetu. Wingu jeusi tititi, tumbo limening'inia, limeufunika uwanja mzima. Chini yake Zdravka aliandika: "Linatoka milimani. Jamani, Mungu atusaidie." Mimi nilikuwa chumba cha ndani cha duka, kisicho na dirisha, nikipanga chupa. Picha kali namna ile haiachwi ikae bure. Nikaitupa kwenye ukurasa wetu kwa maandishi mekundu.

Refa aliiona huko Vratsa akiwa bado na nguo za kulalia, akampigia Asparuh. "Mwenyekiti, mimi siji kupigwa na radi kwa ajili ya ligi ya wilaya." Asparuh alikuwa kwa kinyozi, uso wote povu. Akapiga simu Dolna Lipa, mechi ikasogezwa mpaka Jumatano. Yote hayo yalikwisha kabla mtu hajatoka nje kuangalia juu.

Petko ndiye aliyetoka wa kwanza. "Liko wapi?" akaandika.

"Limegeuka," Zdravka akajibu. "Mawingu hugeuka."

"Limegeuka kwenda wapi?" Metodi akadakia. "Nina masinia ya nyama ya kusaga hapa, nimeamka alfajiri kuisokota!"

"Iweke kwenye friza, Metodi. Usipige kelele, unanitia kizunguzungu."

Siku ile ilikuwa nzuri kuliko zote za masika yale. Watu walikaa kwenye ukuta wa uwanja mtupu wakiota jua na kututukana sisi wa hali ya hewa, mmoja mmoja kwa jina.

Kesho yake, sikukuu yenyewe, Zdravka alitualika sote kwake, na Asparuh pia. Binti yake Gergana, aliyepewa jina la mtakatifu huyo na hivyo sikukuu ilikuwa yake, alikuwa amekuja na mumewe kutoka Varna, safari ya kukatiza nchi nzima. Mwanakondoo alitoka tanurini ngozi ikiwa kahawia, wali na maini tumboni, harufu imefika barabarani. Tulikula kimya, kila mtu na mfupa wake, isipokuwa Petko, aliyekuwa ameisogeza simu mpaka puani.

"Zdravka," alisema, "hizi jezi kwenye kamba, hapa pembeni ya picha. Ni za rangi gani?"

"Kula, Petko."

"Ni nyekundu."

Asparuh akaacha kutafuna. Jezi nyekundu zilikuwa za mwaka jana.

"Ni mwanga," alisema Zdravka. "Kabla ya dhoruba kila kitu huwa chekundu."

"Na huu mti wako wa cheri? Umejaa cheri zilizoiva. Leo una maua."

"Cheri zangu ni za mapema."

Hapo Gergana akapaliwa na divai. "Mama! Hii si ile picha uliyonitumia mwaka jana, siku paa la banda lilipong'oka?"

Zdravka alimgeukia. "Nilikuzaa kwa shida," alisema, "na bado naendelea kuiona."

Kisha akasimama, kisu cha kukatia nyama mkononi. "Haya, ni mimi. Mlitaka leo niwe nimeinama juu ya beseni, nasugua matope ya wanaume kumi na mmoja kwenye nguo nyeupe, binti yangu amekaa mezani na viti vitupu? Anayeona nimekosea aweke mfupa chini."

Hakuna aliyeweka. Metodi, aliyekuwa na haki ya kulalamika kuliko wote, alijiongezea kipande.

Asparuh alijitahidi kuwa mkali, ingawa mafuta yalikuwa yakimchuruzika kidevuni. "Jumatano," alisema, "utashika kipaza sauti mbele ya watu wote. Utaomba radhi, halafu utatangaza hali ya hewa. Ya kweli."

Nilidhani ataona haya. Jumatano alikuja amevaa hereni.

"Wageni wetu wa Dolna Lipa, karibuni," sauti yake ilivuma mpaka ng'ambo ya mto. "Naomba radhi kwa ya Jumamosi. Nilidhani mnaogopa mvua. Nimeambiwa mnaogopa mpira tu. Leo tulieni, hakuna hata tone."

"Zdravka," Petko alimnong'oneza, "geuka uangalie nyuma yako."

Hakugeuka. Kipindi cha pili, tukiwa tunaongoza kwa bao moja, mbingu ikapasuka. Mvua ya mawe iliruka juu ya majani, ikagonga mabati, ikatawanya timu mbili na mashabiki wote chini ya turubai la Metodi. Petko alikuwa nje peke yake, ndoo kichwani, akipiga kelele kwa furaha: "Kama mayai! Kama mayai!"

"Kama njegere, muongo wee!" Metodi alimjibu huku akigeuza nyama jikoni kwa mikono miwili, maana watu mia walikwama kwake na njaa.

Refa aliingia wa mwisho, ameshika kipaji cha uso. Akamtafuta Zdravka kwa macho. "Mama, ulisema hakuna hata tone."

"Na kuna tone?" alisema Zdravka. "Haya ni mawe."

Hata Dolna Lipa walicheka. Mvua ilipokoma mchezo uliendelea, na mpira ukateleza juu ya barafu mpaka ndani ya goli letu bila kuguswa na mtu. Sare. Mashabiki wa pande zote mbili walimlaumu Zdravka, kisha wakamtaka atangaze na mechi ya marudiano kule Dolna Lipa.

Kipaza sauti hakijamtoka mkononi tangu siku hiyo. Petko alikishika mara moja tu, Zdravka alipokuwa Varna. Alianza na kipimo cha shinikizo la hewa. Walimpigia miluzi mpaka akaketi.