Mafuta ni Mafuta

Pasaka iliyopita nilikwenda Bulumbi kwa binamu zangu, nikawakuta wameshachinja mbuzi na kuwasha jiko uani. Hawa nawajua, hawana subira hata chembe. Makaa yalikuwa bado meusi, watu wanameza mate, na mmoja wao akaita kuelekea jikoni, "Leteni mafuta!" Nilisimama ghafla hata soda ikanimwagikia mapajani, nikapiga kelele kama mwendawazimu: mafuta gani? Mafuta gani? Walicheka, na hata wewe ungecheka, rafiki yangu. Kumbe alitaka mafuta ya kupikia ya kupaka nyama. Lakini sikulisogelea jiko lile mpaka jioni, na leo nataka nikueleze kwa nini, maana jambo hili nimelinyamazia tangu nikiwa na miaka tisa.

Nyanya alikuwa mchoma nyama pale Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Kenya. Jiko lake lilikuwa pipa lililopasuliwa katikati, likapigwa miguu ya nondo na kutandazwa waya juu. Siku za soko alichoma muchomo wa mbuzi, na pembeni gonja, zile ndizi nene zinazobabuka mpaka utamu unachuruzika. Nikifumba macho bado nasikia shahamu ikidondokea makaa, na kengele za baiskeli za wanaovusha mizigo. Kazi yangu ilikuwa kupepea kwa kifuniko cha ndoo na kuhakikisha karai la mchanga liko mahali pake.

Mbele ya moto nyanya alikuwa mkali kuliko katekista. Sahani iliyobeba nyama mbichi haikupokea iliyoiva. Leso ilifungwa kiunoni, nailoni ikaachwa nyumbani. Hata mvua inyeshe, jiko halikuingizwa ndani, kwa kuwa makaa, alisema, yanawaibia watu pumzi. Moto aliuwasha kwa magunzi makavu na kungoja, basi. Mafuta ya taa hayakuruhusiwa hata kulisogelea pipa. "Nyama itanuka taa, na wewe utanuka nyama," alikuwa akituambia, na wateja walikuwa wakicheka sana.

Msaidizi wake alikuwa shangazi, dada mdogo wa baba, mrembo na mwenye haraka zake. Alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa upande wa Kenya, na nguo za harusi zilikuwa zimeshaanza kushonwa. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

Sasa, jirani yetu alikuwa akivusha petroli kwa baiskeli, kwa njia za panya, ndani ya madumu ya njano yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Askari wakizidi barabarani, alimwomba shangazi amfichie jikoni kwetu, nyuma ya kuni. Nyanya hakujua. Mafuta yetu ya taa nayo yalikaa humo humo, katika dumu la njano. Na kwetu mpakani, ya kupikia, ya taa na ya pikipiki, yote yaliitwa mafuta tu.

Jumapili moja nyanya alichelewa kanisani. Madereva wawili walikuwa wanangoja nyama, wanatazama saa na kunung'unika. Makaa yalikuwa yameshika upande mmoja tu, mwingine unafuka moshi. Shangazi, bado yumo ndani ya gauni lake la nailoni la kanisani, akaniita.

"Leta mafuta!"

"Mafuta gani, shangazi?"

"Mafuta ni mafuta! Wewe leta, watu wanangoja."

Jikoni kulikuwa na madumu mawili yanayofanana. Nilichukua la karibu, nikamimina kikombe kizima. Harufu ilinipanda puani, kali, tofauti na ya taa. Niliisikia kabisa. Lakini nilikuwa nimeshakaripiwa, nikaona haya kuuliza tena.

Shangazi alipoyamwaga juu ya makaa, moto ulivuta pumzi moja tu, ukapanda kwenye kikombe, ukashika mkono, ukashika gauni. Nailoni iliyeyuka ikaganda kwenye ngozi. Dereva mmoja alimwangusha na kummwagia mchanga. Nyanya alifika na Biblia kwapani, akawakuta majirani wameleta mayai mabichi na dawa ya meno ya kumpaka. Aliwatimua kwa matusi ambayo sikujua anayajua, akamtiririshia maji safi ya mtungi mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana. Kisha akauliza nani ameleta petroli.

"Mimi mwenyewe," shangazi alisema, meno yakigongana.

Nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Alipona, ila mkono ulibaki umekunjika na shavu likabaki na kovu. Mwalimu alikuja mara mbili kumwona, halafu hakuja tena. Shangazi alihamia Molo, ile ya huku kwetu Uganda, kulima njugu. Nyanya aliuza pipa lake, na kila alipomtaja alisema, "Binti niliyemfundisha kwa mkono wangu, akanidharau." Alisema hivyo miaka yote, nami nikila naye chungu kimoja. Amezikwa akiamini hivyo. Hilo linanila mpaka leo.

Kwa hiyo siku ile ya pili, baada ya aibu yangu ya Bulumbi, nilipanda bodaboda mpaka Molo. Nilimkuta shangazi anabangua njugu. Nikamweleza yote: harufu niliyoisikia, kikombe, woga wangu. Nililia kama mtoto mbele yake.

"Ah, wewe," alisema. "Mimi nilisikia hiyo harufu kabla sijamwaga. Nilijua ni petroli. Haraka tu ilinishika. Acha kulia, kunywa chai."

Nilikunywa. Nilirudi nyumbani mwepesi, na wepesi huo ulidumu siku tatu. Siku ya nne nikaanza kujiuliza: mtu anayejua ni petroli, mwenye harusi mbele yake, anaimwagaje juu ya makaa akiwa amevaa nailoni?

Shangazi tulimzika mwezi wa nane. Pale pa nyanya sasa yanaegeshwa malori, na panapita watu wasiojua kwamba paliwahi kunukia nyama. Sijui kama shangazi aliniambia ukweli siku ile, au alinibebea lawama tena. Nilikusudia kurudi kumwuliza baada ya mavuno.