Lijamu la Mnyororo

Mume wangu alimleta farasi yule nyumbani kwetu Soweto, mtaa mmoja wa Mbeya, kwa lori la viazi. Alimnunua Mufindi, kwenye shamba la chai ambalo wenyewe walikuwa wanahama. Biashara yetu ilikuwa kukodisha maturubai, viti na mapambo ya harusi, na yeye alishaamua kwamba atawapita wenzake siku bwana harusi atakapoingia ukumbini juu ya farasi, kama alivyosimuliwa na babu zake waliotoka pwani. Alikuwa farasi jike, mdogo wa umbo, wa rangi ya udongo mwekundu. Aliteremka kwenye lori, akanusa ndoo ya maji, kisha akaninusa nywele chini ya mtandio.

Mimi nilikulia kati ya farasi. Baba yangu aliwatunza kwenye mashamba ya huko kwetu Nyololo hadi mgongo ulipomkataa. Ndiyo maana siku ya kwanza tu nililiona tatizo. Farasi huongozwa kwa lijamu, kile chuma kinachopita mdomoni juu ya ulimi, na huyu aliletwa bila lijamu. Mume wangu alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akatengenezewa moja kwa kipande cha mnyororo wa pikipiki na pete mbili za pembeni.

"Mdomo wake ni laini sana huyu," nikamwambia. "Ukimvuta kidogo tu anarusha kichwa."

"Ndiyo raha yenyewe," akasema.

Harusi ya kwanza watu walipagawa. Farasi alikuja akirukaruka, shingo imepinda, povu linamtoka, na bwana harusi juu yake alionekana kama sultani. Vigelegele vilijaa barabara. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kwamba povu lile lilikuwa na rangi ya waridi.

Kesho yake asubuhi nilimfungua mdomo. Ulimi ulikuwa umechanika pembeni, na ile fizi isiyo na meno, mahali chuma kinapokaa, ilikuwa imevimba. Nilimfuata mume wangu mezani alipokuwa anakunywa chai na mama yake.

"Anaumia," nikasema. "Lile la mnyororo halifai. Tumtafutie jingine."

"Wewe umejuaje kama linauma? Amekwambia?"

Mama mkwe akacheka. "Mwanangu, ukioa mtu wa shamba utaamkiwa na habari za mifugo."

Mume wangu aliinuka taratibu, akaenda ukutani akalitungua lijamu. Nilidhani anataka kulikagua. Akanishika kisogo, akanisukumia ule mnyororo kwenye midomo na kuubana mpaka jino la mbele likavunjika ncha. Haikuchukua muda. Alipoliachia lijamu, akalifuta kwenye khanga yangu.

"Haya, sasa umejua," akasema, akarudi kwenye chai yake. Mama yake akamsogezea sukari.

Sikulia mbele yao. Nilikwenda bandani nikasimama karibu na farasi, naye akaninusa midomo, akapuliza pumzi ya joto. Siku ile niliapa kwamba nitamtafutia chuma atakachoweza kuvumilia, maana lazima avae kitu, na kama ni lazima basi kiwe cha afadhali.

Jaribio langu la kwanza lilishindikana. Nilichukua kipande cha bomba la chuma, nikakizungushia mpira wa ndani wa baiskeli nikidhani kinene na laini ndiyo huruma yenyewe. Farasi akaachama, akasukumasukuma ulimi kama anayekabwa, akakataa kupiga hata hatua. Nikapanda basi kwenda Nyololo.

Baba alinipokea uani, amekaa juani na blanketi mabegani. Nilimweleza kila kitu kuhusu farasi. Akanitazama mdomo wangu uliovimba.

"Na huo uvimbe nao ni wa farasi?" akauliza.

"Hapana, Baba."

Akainamisha kichwa. Kwetu baba hamwingilii binti yake aliyekwisha kuolewa, na yeye alikuwa mtu wa kushika desturi. Alichoweza kunisaidia ni farasi, basi akanisaidia farasi.

"Huyo mdomo wake ni mdogo na ulimi ni mnene," akasema. "Ukimwekea kitu kinene unamziba. Mtafutie chuma chembamba, kisicho na kiungo, kilichoinuka kidogo katikati ili ulimi upate pa kulala. Kisibane pembe za midomo. Na baridi yenu ile ya Mbeya, kipashe kwanza mikononi kabla ya kumpa."

Akanituma ndani nikalete gunia la vyuma vyake vya zamani. Tulitoa kimoja baada ya kingine, tukivipima kwa uzi niliokuwa nimepimia mdomo wa farasi, mpaka tukapata kinachofaa. Kilikuwa na kutu. Baba alikisugua kwa majivu mchana kutwa, akakipaka mafuta.

Niliporudi nilikishika kwapani mpaka kikapata joto, kisha nikamwekea farasi kidole kwenye pembe ya mdomo. Akafungua. Chuma kikaingia, akakitafunatafuna kidogo, akatulia. Nilizunguka naye uwanjani nikiwa nimeshika kamba kwa vidole viwili tu. Alikuwa anageuka hata kabla sijavuta. Siku chache zile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu niolewe, na mume wangu, alipoona farasi hasumbui tena kuvalishwa, akakiacha kile chuma kitumike kwenye harusi iliyofuata.

Farasi aliingia ukumbini akitembea polepole, kichwa chini, masikio yametulia. Hakuruka wala hakutoa povu. Watu walikaa kimya, halafu mtu mmoja akacheka. Mama wa bwana harusi akaja mpaka kwa mume wangu.

"Tuliagiza farasi," akamwambia mbele ya wageni. "Mbona mmetuletea punda?"

Ndipo nilipoelewa walichokuwa wakikishangilia siku ile ya kwanza. Walikuwa wanayashangilia maumivu yake.

Mume wangu hakunipiga. Alisubiri harusi nyingine, akalitoa lijamu la mnyororo, akakuta farasi amekaza meno. Alijaribu kwa mkono, akajaribu kwa mpini wa nyundo. Akaniita.

"Wewe anakufungulia. Mvalishe."

"Sitaki."

"Nakuambia mvalishe."

"Anafungua kwa sababu ananiamini. Sitaki."

"Basi huna kazi hapa," akasema. "Fungasha."

Aliwaita wabeba viti wawili wamshike farasi masikio na pua. Nilikuwa chumbani nakunja nguo zangu, na nilimsikia farasi akihangaika mpaka akatulia.

Harusi ile sikuiona. Nilisimuliwa kwamba katikati ya vigelegele farasi alisimama kwa miguu ya nyuma na kujibwaga pamoja na bwana harusi, akamvunja bega. Farasi si wa kulaumiwa. Mume wangu alimuuza wiki ileile kwa mtu wa Makongolosi, amtumie kubeba maji machimboni.

Mimi nilihamia Iringa, nikaanza kupika chakula cha wanafunzi, na talaka ikanifuata huko. Nilipopata nafasi nilikwenda Makongolosi. Niliuliza njiani, nikamkuta nyuma ya kibanda, amefungwa madumu mgongoni, na kichwani ana kamba tu iliyopita juu ya pua. Mdomoni hakuwa na kitu.

"Huyu haguswi mdomo," mwenye farasi akaniambia. "Tulijaribu siku ya kwanza, akatoa damu siku nzima, hakula. Asipokula habebi. Tukaacha."

Hakusema kwa huruma. Alisema kama mtu anayeeleza tairi bovu. Ncha ya ulimi wa farasi ilikuwa inaning'inia nje, kavu, haina uhai.

Nilimsogelea taratibu, nikamnong'oneza kama zamani, nikamnyooshea kiganja. Akaninusa, na nadhani alinitambua. Kisha nilipoinua mkono kumgusa shavu alirudi nyuma kwa nguvu mpaka madumu yakagongana, akageuza uso akauficha kwenye ukuta wa mabati.

"Si nilikwambia?" yule mtu akasema, akampiga farasi kofi la paja, wakaondoka kwenda kuteka maji.