Mlezi Waliyemchagulia Ndugu Yangu

Majina siyaandiki, wenyewe wana wajukuu. Lakini nani alifanya nini nitasema, maana kwa tumbo la mama nimebaki mimi peke yangu.

Mama alikufa siku ya tatu baada ya kujifungua, wakati wa kiangazi, miaka ile ya hamsini, huku kwetu kwenye mashamba ya ukingo wa Tana, ng'ambo ya Garsen. Mimi nilikuwa na miaka kama minane. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, ana sauti mpaka majirani wakacheka katikati ya msiba. "Huyu mwadhini," walisema. Siku mbili alilishwa maji ya sukari. Ikawa sasa atafutwe mtu wa kukaa nyumbani kumlea, na apate maziwa, la sivyo atamfuata mama yake.

Asubuhi alikuja mama wa maziwa. Alikuwa mke wa mfugaji mmoja. Kila kiangazi ng'ombe wao walishuka mtoni kunywa, naye akituuzia maziwa kwa kibuyu. Wiki ile ile alikuwa amezika mtoto wake mchanga, na nguo yake ilikuwa imelowa kifuani. Alisikia kilio, akaweka kibuyu chini, akamwambia baba kwa Kiswahili chake:

"Mimi iko na maziwa. Mtoto yangu nakufa. Lete huyu. Mimi nakaa hapa hapa mpaka yeye nakula ugali."

"Mwenyezi Mungu akulipe," baba akasema.

Mtoto nilimpa mimi mwenyewe. Alinyonya mpaka jasho likamtoka puani. Adhuhuri akanyonya tena, na alasiri tena. Akalala usingizi mzito.

Ndipo akafika baba mkubwa, kaka yake baba. Yeye alikuwa na kesi na mume wa yule mama. Ng'ombe walitoka kwenye njia yao ya mtoni wakaingia mahindi yake, na chifu alikuwa aisikilize Garsen. Sasa akamkuta mke wa adui yake ameketi juu ya mkeka wetu na mtoto wetu mapajani. Hakumsalimu.

"Mdogo wangu, akili zimekwenda wapi?" akamwambia baba. "Akishanyonya mara tano, kwa sheria ya dini ni mtoto wake, na mumewe ni baba yake. Mimi nitasimama vipi mbele ya chifu nimshtaki baba wa mtoto wetu?"

"Kaka, mtoto ana njaa."

"Amenyonya mara ngapi?"

Baba hakujua. Alikuwa akisuka mgono wake wa samaki, na hata hapo mikono haikusimama. Baba mkubwa akanigeukia mimi. "Wewe ulikuwa hapa. Mara ngapi?"

Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alikuwa ametutisha sana kuhusu uongo. Nikasema, "Mara tatu, baba mkubwa."

"Alhamdulillahi! Bado ni wetu." Akamwambia yule mama ainuke aende kwao.

Ningesema tano, jambo lingekuwa limeshakuwa, na yule mama angekaa.

Aliyechaguliwa ni shangazi, akaletwa kwa mtumbwi kutoka Chara. Ni mtu wetu, walisema, amelea saba. Hakuna aliyeuliza wale saba walinyonya nini. Huyu alimpa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, na uji wa mchele uliochujwa kwa kitambaa. Na maziwa hayo tuliyanunua kwa mama yule yule! Ya ng'ombe wake yalifaa, yake mwenyewe yakawa balaa.

Kila asubuhi alisimama mlangoni. "Mtoto nalala?"

"Analala. Mimina uende zako," shangazi alijibu.

"Dada, mimi napa yeye kidogo tu."

"Ng'ombe wenu wamekula mahindi, sasa wewe unataka kula mtoto?" Wanawake waliokuwapo wakacheka.

Mtoto akaanza kuharisha. Utosi ukabonyea. Shangazi akasema ni meno. Meno, mtoto hajatimiza mwezi!

Siku moja shangazi alikwenda mtoni kufua. Nikambeba mtoto mpaka nyuma ya migomba, na mama wa maziwa akaja. Mtoto alivuta kidogo akachoka, akavuta tena. Nikamwonyesha yule mama vidole vinne. "Kesho tano," nikamwambia. "Kesho," akasema, akajifuta macho kwa nguo yake.

Jioni ile mvua ya kwanza ikapiga. Kulipokucha wafugaji walikuwa wamehama, maana matope ya huku yakishika ng'ombe hatoki. Nilisimama kwenye migomba na mtoto mgongoni mpaka shangazi akaniita nikachote maji.

Mtoto alikufa baada ya siku tano. Maziwa ya kopo yalikuwako dukani Garsen. Baba alikwenda Garsen mara mbili siku zile, mara zote akimsindikiza kaka yake kwa habari ya kesi. Na hiyo kesi haikusikilizwa hata siku moja, kwa kuwa mshtakiwa alikuwa amehama.

Matangani shangazi akasema ni amri ya Mungu, na watu wakaitikia. Mimi Mungu simwingizi. Baba mkubwa alimfukuza aliyekuwa na maziwa. Shangazi aliona utosi akautazama tu. Baba alinyamaza. Na mimi nilisema tatu.

Kiangazi kilichofuata mama wa maziwa akarudi na kibuyu chake. Shangazi alikuwa ameshakwenda kwao Chara, kwa hiyo aliyetoka na bakuli ni mimi.

"Mtoto natambaa?" akauliza, huku akichungulia ndani.

Nikamwambia.

Yeye akafungua kibuyu, akanimiminia, akaenda nyumba ya pili.