Mkono Uliopitisha Kikaango

Karakanani walimwita Kipimo, na jina hilo hakulikataa. Kiwanda kilitengeneza sufuria, mabirika na vikaango vya alumini, na hakuna chombo kipya kilichokwenda dukani kabla ya kupita mikononi mwake. Hakujali kinang'aa kiasi gani. Alimimina, akasugua, akakiangusha makusudi. Mkono wa kushoto aliuweka kiunoni kama aliyebeba mtoto, kisha akajaribu kufungua mfuniko kwa mkono uliobaki. Jagi lililotokwa na udenda kidevuni alilirudisha mpaka mdomo wake ukachongwa upya. Upawa uliokuwa ukizama sufuriani aliuwekea kulabu shingoni, ubaki umening'inia ukingoni. Wapo wanawake wengi waliopika kwa raha kidogo zaidi kwa sababu yake bila kumjua, naye alilijua hilo na lilimpendeza kupita kiasi.

Sufuria iliyozua mambo ililetwa na kijana aliyekuwa akibuni maumbo ya vyombo. Kishikio cha mfuniko wake kilikuwa cha alumini kama mfuniko wenyewe, kimetolewa kwenye bamba moja, hakuna kipande cha mbao wala skrubu.

"Hiki hakitalegea kamwe, mama," kijana alisema. "Ila sina hakika na joto. Naomba tukiwekee kipimajoto."

"Mama yako nyumbani anachemsha maji na kipimajoto?"

Mafundi waliokuwa karibu walicheka. Kijana naye akacheka, lakini kipimajoto hakukirudisha mfukoni. Kipimo aliinua mfuniko kutoka kwenye maji yaliyokuwa yakitokota, akausimamisha hewani, akaendelea kuongea habari za ukingo wake mpaka kijana akatazama pembeni. Mkono haukutikisika. Chombo kikipimwa hivyo na kikapita, kimepita. Ndiyo ilikuwa sheria ya pale tangu msimamizi wa sasa akiwa fundi mdogo.

Alikuwa na desturi ya kwenda na chombo kipya nyumbani kikaishi na familia yake. Jikoni alimkuta wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuja kutembea akasahau kuondoka. Siku ya mapumziko wifi alibandika maharage kwenye sufuria mpya, akaenda kuyafunua. Mfuniko uliruka, ukagonga ukuta, ukazunguka sakafuni kama sarafu.

"Wifi! Huko kwenu mnatengeneza sufuria au mnatengeneza pasi?"

"Acha maigizo. Hiyo nimeipima mwenyewe."

"Umeipima na nini, kwato?"

Kipimo aliuokota mfuniko, akaufunika tena, akasubiri mvuke uanze kutoka pembeni. Kisha akakishika kishikio kwa vidole vitatu na kuuinua mbele ya uso wa wifi yake, apate kuona.

"Umeona? Uvuguvugu tu."

Wifi hakuutazama mfuniko. Alitazama vidole.

"Weka chini."

"Nini tena?"

"Weka chini nakuambia! Unaungua, wewe mtu!"

Aliweka. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, na alipokuwa bado anazishangaa ngozi ilianza kuinuka. Aliona lengelenge likijaa maji kwenye mkono wake mwenyewe kama anavyoona la mtu mwingine. Maumivu hayakuja. Aliyasubiri, nayo hayakuja.

Wifi aliuvuta mkono ule akautia kwenye ndoo ya maji, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tangu lini?"

Tangu alipoanza kutazama vifungo vya blauzi yake ili avifunge. Tangu sindano ilipomponyoka, akasingizia macho. Alijua kuna ganzi; alichokuwa hajakubali ni kwamba ganzi imefika kazini. Baadaye daktari angemwambia kuwa ni sukari, imekula mishipa ya fahamu polepole na kimya. Lakini palepale, mkono ukiwa ndooni, hesabu aliyokuwa akiifanya haikuwa ya ugonjwa.

"Sikiliza," wifi alisema. "Kesho waambie umebadili mawazo, mfuniko haufai. Nani atakuuliza? Wewe ndiye Kipimo. Vitu vya moto uwe unanipa mimi hapa, nipime kimyakimya. Mikono yangu ni mizima na mdomo wangu naujua kuufunga."

"Huo mdomo?"

"Nikitaka."

Ilikuwa njia nzuri, naye aliitamani kweli. Sufuria ingerudi kwenye meza ya kijana, kazi ingebaki yake, jina lingebaki lake. Alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kusema alipokumbuka birika la mpini mwembamba alilolipitisha kabla ya sufuria. Na kikaango. Kikaango alikipitisha wakati ambao tayari alikuwa akitazama vifungo, na sasa kilikuwa kwenye majiko ya watu. Kuukataa mfuniko kusingeleta swali lolote juu ya kikaango. Ili kipimwe upya, ilibidi aseme mkono umekufa.

Asubuhi iliyofuata, karakanani, alivipanga mezani vyombo vyote alivyovipitisha tangu ganzi ilipoanza, akamwita msimamizi na kijana.

"Pimeni upya. Sisikii moto."

Msimamizi alidhani ni utani. "Umeamkaje leo?"

Aliinua vidole vilivyofungwa bandeji. Hakuna aliyecheka. Kijana alichukua kipimajoto chake bila kumkumbusha alivyomcheka, na hilo lilimuuma Kipimo kuliko kama angemkumbusha. Birika lilikuwa salama. Sufuria haikuwa salama. Mpini wa kikaango, pale ambapo kidole gumba hukaa, ulichoma vibaya.

"Umevaa glavu miaka yote hii kumbe," msimamizi alisema, akajuta, kisha akampeleka idara ya kufungasha.

Sufuria iliwekewa kishikio cha mbao kilichoinuliwa kwa shingo nyembamba. Vikaango vilivyokwisha kuuzwa kiwanda kilikubali kuvibadilisha, mwenye nacho akilete. Tangazo lilibandikwa kwenye duka lililokuwa mbele ya kiwanda, mahali ambapo Kipimo, akitoka na maboksi, aliweza kuona nani anaingia na nini mkononi. Walioleta walikuwa wachache mno.

Mara moja alimfuata mteja aliyekuwa akichagua birika, kwa sababu aliona alama nyeusi kwenye kidole gumba chake.

"Samahani, dada. Una kikaango chetu nyumbani?"

"Ninacho. Kizuri, hakigandi kitu."

"Na hicho kidole?"

Mwanamke alikificha kwa aibu kidogo, akatabasamu. "Aa, huu ni uzembe wangu. Mama alinifundisha nishike kwa tambara, mimi nina haraka."

"Si uzembe wako. Mpini ndio mbaya. Kilete, utapewa kingine bure."

"Nikilete cha nini? Nimeshakizoea."

Kipimo alianza kumweleza tena, kwa sauti ya chini, jinsi mpini ulivyopitishwa na nani aliyeupitisha. Mwanamke alimsikiliza kwa adabu, huku akilijaribu birika mkononi, akiuliza kama lipo la rangi nyingine.