Ubeti wa Pili Mara Tano

Walimwita Fundi Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na jina hilo lilimkaa kama gauni lililopimwa vizuri. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya cherehani ya miguu, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha moja na kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na hakuna nguo iliyotoka pale mshono ukiwa upogo. Mshono ukipinda nusu ukucha, anafumua. Mteja asimame mlangoni keshavaa viatu vya harusi, anafumua tu. "Haraka yako haivaliwi," alikuwa akisema. "Inavaliwa nguo."

Siku moja aliitwa kanisani kushona mto wa benchi la mpiga kinanda, kule juu roshanini. Akapima benchi, kisha jicho likampanda ukutani: mabomba safu kwa safu, mengine membamba kama kidole, mengine mtu mzima angejificha ndani asionekane. Akabonyeza kibao kimoja tu. Bomba likanguruma, akaruka, futi ikamponyoka mkononi.

"Usiguse, mama," akasema mpiga kinanda, mzee ambaye wote walimwita Mwalimu, na ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa. "Hii si cherehani."

Kwa Fundi, heri angemtukana. "Mwalimu, miezi sita unatafuta mtu wa kukurithi benchi hili, hujapata. Miguu yangu inajua kukanyaga tangu wewe hujaota mvi. Nifundishe."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Lakini Jumatatu wakaanza.

Fundi alivua viatu, akavaa soksi za marehemu mumewe, akavivamia vibao vya miguu, vilivyopangwa chini ya benchi, kama anayemalizia sare za shule nzima. Vumbi likadondoka darini.

"Polepole! Hapa ukikanyaga kinalia, na hakinyamazi mpaka utoe mguu. Wala nguvu haisaidii. Ukibonyeza kwa hasira ama kwa huruma, sauti ni ileile."

"Basi ni kama wifi yangu."

Wifi huyo, dada wa marehemu, ndiye aliyeongoza kwaya. Alikuwa na kinanda chake kidogo cha umeme, na alishatangaza kwamba Mwalimu akishuka, yale mabomba yafungwe. Mchungaji akakata shauri: Fundi akiweza kuongoza wimbo mmoja Jumapili, benchi ni lake. Asipoweza, kitaletwa cha umeme.

Miezi minane vidole vilijifunza, miguu ikapata adabu. Ugonjwa mmoja haukutoka. Akikosea, anarudi.

"Usirudi!" Mwalimu alipiga benchi kwa kiganja.

"Niliache kosa lionekane?"

"Halionekani, linasikika, na limeshapita."

"Kwangu kosa halipiti."

Jumapili ikafika. Ubeti wa kwanza ulikwenda kama hariri. Ubeti wa pili, mstari wa tatu, mguu wa kushoto ukateleza. Fundi akarudi mwanzo wa ubeti. Waumini, watu wa adabu zao, wakarudi naye. Akakosea palepale. Akarudi. Mara ya tatu wazee wakaketi. Mara ya nne watu wakaanza kutazamana. Mara ya tano akapita salama, akageuka anatabasamu, jasho linamchuruzika. Kumbe mchungaji alishasema, "Tuombe."

Nje, wifi alikuwa akimsubiri. "Wifi yangu, hongera. Ubeti wa pili tumeushika wote. Wa tatu tutausikia mbinguni?"

"Wewe utausikia kwa mbali."

Alijibu hivyo, lakini nyumbani aliukanyaga ubeti wa pili sakafuni hadi usiku. Mwalimu alikuwa amemwombea kwa mchungaji Jumapili moja tu nyingine. "Ukirudi nyuma tena," alimwambia, "kinanda nitakifunga mwenyewe."

Kesho yake Fundi akatwaa kitambaa, akashona pazia la dirisha lake kutoka ncha hadi ncha bila kutazama sindano ilikotoka. Pindo likaenda kama njia ya mlevi. Mkono ulimwasha kutaka wembe. Hakufumua. Akalitundika palepale wateja wanapoliona.

"Fundi, mbona hili pindo..."

"Limepinda. Naliona. Kaa upimwe."

Wiki nzima lilimuuma kuliko jino.

Jumapili, mstari wa kwanza kabisa, mguu ukakanyaga pasipo pake. Bomba kubwa likatoa mlio wa ng'ombe aliyeshtuka. Mwalimu akafumba macho. Mwili wote wa Fundi ukataka kurudi. Na kule chini waumini, kwa kuwa wanamjua, wakarudi mwanzo wa wimbo bila kuambiwa.

Fundi akasonga mbele. Akawaacha.

Ikabidi wamkimbilie, huku wakiruka maneno. Wakamkuta mstari wa tatu. Sauti moja tu ilibaki mwanzoni peke yake, juu na safi: ya wifi. Beti zote nne zikaisha, kila moja mara moja.

"Makosa saba," akasema Mwalimu watu walipotoka.

"Manane. La nane hukulisikia, ulikuwa unaimba."

Mzee akatazama vidole vyake kitambo. Akatoa karatasi ya Jumapili inayofuata. "Nyimbo tano. Nne zako. Wa mwisho niachie, niage."

"Piga, Mwalimu. Nitakugeuzia kurasa," akasema Fundi, na hapo hapo akajivuta pembeni kidogo. "Ila mimi sisimami. Benchi linatutosha wote."